Soksi Nyekundu Kwenye Mlango wa Taimi

Hapa kijijini kwetu Haukiperä watu hawasemi. Mtu anaweza kuumwa mwaka mzima, ukapata habari siku ya kumzika. Mimi Kauko ndiye niliyezaliwa na mdomo wa watu kumi, na miaka thelathini ya kuendesha lori la maziwa peke yangu msituni haikunisaidia. Ukishuka mlangoni kwa mtu baada ya kuzungumza na usukani tangu alfajiri, lazima umwage yote. Kijiji kizima kinanilalamikia, na siku zote nilikuwa nawaambia wakalale. Lakini Septemba ile ya mwaka wa tisini na nne mdomo wangu huu ulikaribia kuua mtu, na mtu mwenyewe ni Irja, ambaye nimembeba mgongoni akiwa hana jino hata moja.

Irja ni binti wa jirani yangu Taimi. Taimi alikuwa mpeleka barua wetu miaka thelathini na mmoja, kwa baiskeli majira ya joto na kwa skii theluji ikishuka. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kupima. Hakuwahi kupoteza barua, na akikuambia saa nne ni saa nne. Mumewe Aarne alipofariki alimwachia bunduki yake na chumba cha maziwa kando ya zizi, ambacho hakijaona maziwa tangu ng'ombe wauzwe. Humo ndimo Taimi anamotengenezea risasi.

Si risasi za vita, tulia. Ni risasi dhaifu, dhaifu kwa makusudi. Huku kwetu zinaitwa ushuzi wa paka, na usicheke, ndilo jina lake, hata mchungaji wa kanisa analitaja hivyo hivyo bila haya. Risasi kamili imetengenezwa kwa ajili ya hirvi, yule mnyama wetu wa pembe pana anayemzidi ng'ombe kwa kimo. Ukimpiga nayo kwale mweusi aliyetua juu ya msonobari, utarudi nyumbani na manyoya. Kwa hiyo wazee wetu walitia baruti kidogo na kichwa cha madini laini, bunduki ikasema puf, bega lisihisi kitu, kwale akaanguka mzima, na jirani wa ng'ambo asijue kama leo kwako kuna mchuzi.

Kazi yenyewe ukiitazama utasema ni ya kitoto. Thubutu! Baruti ya risasi hizi inawaka upesi na inatiwa kidogo sana, na ganda ni kubwa. Ni kama chumvi kwenye sufuria ya uji: ukitia kijiko cha pili kwa kusahau, sufuria haijai wala haikwambii kitu. Bunduki ndiyo itakayokwambia. Itapasuka, na uso wako uko hapo hapo, shavu limeegemea kitako chake cha mti. Ukitia pungufu nako ni balaa lile lile, maana kichwa kinakwama katikati ya mtutu, na ole wako upige ya pili nyuma yake.

Kwa hiyo Taimi hapunguzi baruti kwa kukisia, kama wanavyofanya wapumbavu fulani ninaowajua. Anafungua kitabu cha vipimo, anatumia baruti ile ile iliyotajwa kwa uzito ule ule uliotajwa, na mezani linakaa kopo moja tu. Ana ubao ambao babake aliutoboa matundu. Maganda matupu yanasimama humo mdomo chini. Anapima baruti kwenye sahani ndogo ya mizani, anaimimina kwa faneli, na ganda likishapata chake ndipo linaposimama mdomo juu. Yakimalizika yote, anachukua tochi na kuchungulia moja moja, aone kama baruti imelala usawa mmoja. Baada ya hapo ndipo anapobana vichwa. Kisha anapaka kitako cha kila risasi rangi ya kucha ya kijani, zisije zikachanganyika na zile kali, na mwisho kabisa anapima kopo, anaandika kwenye daftari la buluu kilichobaki.

Na kabla ya yote hayo anatundika soksi nyekundu ya sufu kwenye kitasa, kwa nje. Soksi ikiwa mlangoni, huingii. Aarne aliiheshimu. Irja alipokuwa mdogo aliwahi kujikata mguu kwa kioo, akakaa chini ya soksi ile damu zinamtoka, anasubiri mamake atoke. Mpaka paka aliiheshimu.

Sasa, mwaka ule Irja alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kupakia magogo, na majira ya baridi gogo moja lilimshukia begani. Akapasuliwa mara mbili, wakamtia vyuma, na daktari akamwambia bunduki yenye teke asahau. Irja ni mwindaji tangu utotoni, kila Septemba yuko kwenye kibanda cha marehemu babake ng'ambo ya ziwa. Kuanzia siku ile aliyoambiwa asahau, hakucheka tena. Alikuwa anakaa jikoni kwa mamake anatazama nje, bega limefungwa, kama mtu aliyekosa treni. Taimi hakusema kitu, maana Taimi hasemi. Alienda tu kuyeyusha madini akaanza kumimina vichwa.

Ijumaa moja kabla ya msimu wa kwale kufunguliwa, gazeti lilikuja na habari tamu kuliko zote nilizowahi kusoma. Reino, mwenyekiti wa chama chetu cha wawindaji, mtu anayetusimanga kila mwaka kwamba hatujui kutazama kabla ya kupiga, alikuwa ameupiga mkokoteni wa samadi kwenye ukungu akidhani ni hirvi. Na picha ya mkokoteni ilikuwepo! Tundu limezungushiwa duara! Nikasema habari hii nikikaa nayo peke yangu nitapasuka. Nikalichukua gazeti nikakata uwanja mbio kwenda kwa Taimi.

Soksi ilikuwa mlangoni. Niliiona. Ningeweza kukudanganya kwamba upepo uliiangusha, lakini niliiona kwa macho yangu mawili, nikafungua mlango.

"Kauko," akasema Taimi bila kugeuka. "Soksi."

"Nimeiona. Dakika moja tu, dada'angu, hii habari haingoji. Reino kaua mkokoteni!"

"Kaua nini?"

"Mkokoteni wa samadi! Risasi moja, katikati ya mbavu!"

Nikaona mabega yake yanatikisika. Taimi alikuwa anacheka. Mtu aliyekuwa hajacheka tangu binti yake aumie! Nikajiona nimefanya jambo la maana. Lakini mgeni ni mgeni, hata akiwa mjinga, na huku kwetu mgeni akishavuka kizingiti hawezi kukaa bila kahawa. Mwenye nyumba akichelewa kuiteleka anaona aibu yeye. Taimi akaweka chini alichokuwa amekishika, akaangalia maganda yake, nusu yamesimama mdomo juu, nusu mdomo chini, akaguna.

"Usiguse kitu," akasema, akatoka kwenda jikoni.

Sikugusa kitu. Nililitandaza tu gazeti mezani nimtazame Reino vizuri, juu ya vikorokoro vyake vile, nikacheka peke yangu. Niliposikia hatua zake uani nikalikunja haraka haraka nikalitia kwapani, maana nilijua atanifokea.

Akakaa. Akaitazama ile sahani ya mizani. Ilikuwa tupu.

"Nilikuwa nimeshamimina?" akajiuliza.

"Umimine nini? Sasa sikiliza, Reino anasema eti mkokoteni ulikuwa unasogea…"

Nikasimama pale pale mlangoni nikiporoja, yeye anapima na kumimina, anapima na kumimina. Kahawa ikaanza kunukia mpaka huku. Nikasema, "Taimi, itachemka ipitilize hiyo." Naye, kwa ajili ya kahawa ya mgeni ambaye hakualikwa, akafanya kitu ambacho hajakifanya maisha yake yote. Alibana vichwa vyote ishirini bila kuchukua tochi. Tukaenda ndani, tukanywa kahawa na mkate mtamu wa iliki, nikakaa mpaka jioni. Na kopo hakulipima.

Kesho yake Jumamosi asubuhi, Irja akaja kuchukua boksi lake. Nilikuwa uani nakata kuni, nikamwona anaingia garini na bunduki ya babake, boksi kaliweka mapajani. Alinipungia mkono ule mzima.

"Mzee Kauko! Leo bega langu litajaribiwa kwa ushuzi!"

Alikuwa anacheka. Nikaona hata jua limetoka vizuri siku hiyo. Nikaenda kuwasha mapema sauna yangu, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, Jumamosi ni Jumamosi. Nikapanga kuni, nikachomeka magome na gazeti chini, nikawasha, nikainama kupuliza. Waa! Moto ukanirukia usoni, mweupe, ukazima hapo hapo. Nikarudi nyuma nikakalia ndoo. Nikayatukana magome ya mti wa mbirchi, makavu mno mwaka ule, nikajipangusa masizi, nikaendelea na shughuli zangu.

Haikupita nusu saa Taimi akaja mbio. Sikuwahi kumwona Taimi akikimbia, hata mbwa wa watu alipokuwa anamfukuza kwenye baiskeli. Mkononi alikuwa ameshika lile daftari la buluu.

"Kauko. Gari."

"Kuna nini?"

"Kopo limepungua vipimo ishirini na kimoja."

Mimi sikuelewa. "Si umetengeneza ishirini?"

"Ndiyo nakwambia, Kauko! Ishirini! Na cha ishirini na moja kiko wapi? Nimefagia meza, nimefagia sakafu, nimekagua faneli. Hakipo. Kiko ndani ya moja ya zile risasi, juu ya kingine. Na Irja anazo."

Simu za mfukoni wakati ule zilikuwa za watu wa Helsinki, na kule kibandani hakuna hata waya wa umeme. Tukaingia garini. Kilomita ishirini na tatu za changarawe, niliziendesha kama mwendawazimu. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na la kusema. Taimi ndiye aliyesema, na hilo lilinitisha kuliko mwendo.

"Sikuchukua tochi," akasema. Baada ya kilomita kadhaa akarudia, "Miaka yote hii, Kauko. Sikuchukua tochi."

"Ni mimi, Taimi. Ni mimi niliyeingia."

"Wewe umeingia. Lakini mkono ni wangu."

Tulipofika ufukweni, mashua ya Irja haikuwepo, ameshavuka. Kibanda kilionekana ng'ambo, doa dogo la rangi ya kahawia. Tukiwa tumesimama pale, upepo unatupiga usoni, tukasikia.

Puf.

Sauti ndogo, kama mtu amekung'uta zulia. Taimi akanishika mkono.

"Moja," akasema. "Iko nzima."

Puf.

"Mbili."

Nikapiga kelele mpaka koo likaniuma. Irja! Irja weee! Upepo ukanirudishia mwenyewe. Na hata bila upepo asingesikia, maana mamake kamfundisha kuvaa viziba masikio. Alikuwa anapiga karatasi, anarekebisha shabaha, anapiga tena, taratibu, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa.

Kulikuwa na mashua moja pale, imefungwa kwenye mti. Ya nani? Ya Reino! Nikaikata kamba kwa kisu, Reino nitamlipa baadaye. Taimi akakaa nyuma, mimi nikashika makasia. Nilikuwa na miaka sitini na minane, mgongo wangu ni wa dereva, lakini nilipiga makasia siku ile mpaka nikaona nyota mchana. Mgongo wangu ulikuwa umeelekea kule kibandani, kwa hiyo sikuona kitu. Nilikuwa naona uso wa Taimi tu, na kila puf ilipokuja, uso ule ulifungwa ukafunguka.

"Nne."

Nilianza kuomba. Mimi kanisani huenda Krismasi tu, na huenda kwa sababu ya uji wa maziwa unaotolewa baadaye. Lakini niliomba kila puf iwe puf. Unajua ni kitu gani kungojea sauti, ukiogopa isije, na ukiogopa ije? Ikija ndogo, roho inarudi. Halafu unaanza kuingojea nyingine.

"Tano," akasema. "Sita."

"Bado mbali?"

"Piga kasia."

"Saba."

Tulikuwa tumepita katikati ya ziwa. Taimi akatia mkono mfukoni atoe leso ajifute, akatoa soksi. Ile nyekundu. Aliitoa mlangoni jana yake kwa ajili ya kahawa, akaisahau humo. Akaitazama kidogo. Halafu akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa ziwani atakuambia ni wazimu: akasimama wima ndani ya mashua, akachukua upondo wa Reino, akaivisha soksi kwenye ncha, akaiinua juu kwa mikono miwili.

"Utatuzamisha!" nikapiga kelele.

"Wewe piga kasia!"

Nikapiga. Mashua ikayumba. Sikuthubutu kugeuka nyuma. Nilikuwa namtazama mwanamke yule mfupi amesimama, miguu kaitanua, upondo unatikisika, midomo inasogea bila sauti. Nikahesabu mapigo ya makasia. Kumi. Ishirini. Puf haikuja. Thelathini.

"Taimi?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Taimi, nini? Sema!"

"Ameiona," akasema. "Ameiweka chini. Ameiweka chini bunduki, Kauko."

Ndipo nilipogeuka. Irja alikuwa amesimama ufukweni, hatua nyingi kutoka kwenye meza yake ya kupigia, mikono yote miwili juu, hata ule mbovu. Kama mtoto aliyeambiwa usiguse. Mita mia nne au tano zilikuwa kati yetu, na aliitii soksi ile bila kujua kwa nini. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwayo, nikafungua mlango.

Mashua ilipogusa mchanga mimi nikalalia makasia, na Irja akaja akaishika mashua. "Mama, sijagusa kitu. Nilikuwa nataka kutia ya nane, iko pale mezani. Kuna nini? Na Mzee Kauko mbona yuko hivyo, amekufa?"

"Hajafa," akasema Taimi. "Anajifanya." Akashuka, akapiga hatua mbili, akakaa palepale kwenye mchanga wenye maji. Akamvuta binti yake kwa koti la mvua, akaukumbatia ule uso kwa viganja vyote viwili, akaupapasa, paji, macho, pua, mashavu, kama anayetafuta kitu kilichopungua. Huku kwetu watu hawakumbatiani. Nikageuka nikatazama maji.

"Mama, mama basi. Niko mzima. Tena bega haliumi hata kidogo! Saba, na haliumi!"

Taimi alipomweleza, Irja alisikiliza yote. Akaenda mezani akaichukua ile ya nane kwa vidole viwili, akairudisha kwenye boksi kama anayeshika yai.

Mimi, kwa sababu siwezi kunyamaza, nikasema, "Si tuzipime tu kwenye mizani? Ile nzito ndiyo yenyewe."

"Vichwa nimevimimina kwa mkono wangu," Taimi akasema. "Hakuna viwili vyenye uzito mmoja. Kimoja kinaweza kukizidi chenzake kuliko hiyo baruti yenyewe. Zitafunguliwa zote."

Tukarudi Haukiperä kabla jua halijashuka kwenye misonobari. Taimi na Irja wakaingia chumba cha maziwa. Soksi, bado ina unyevu, ikatundikwa kwenye kitasa. Nikageuza ndoo nikakaa nje. Taimi ana nyundo maalumu ya plastiki, unaifungia risasi kichwani mwake, unagonga gogo, na kichwa na baruti vinadondoka humo humo ndani. Anapima baruti, anatoa ya pili. Nilikuwa nasikia kila kitu kupitia mbao.

Tok. Tok. Kimya. "Kipimo kimoja. Sawa."

Tok. "Sawa."

Kila "sawa" ilikuwa inanipunguzia kilo. Lakini nilijua kuna moja itakayokuja ambayo si sawa, na nilitaka ije, iishe, nijue tulichokiponea. Sita. Tisa. Kumi na moja. Nikasimama kwenye ndoo. Kumi na mbili, sawa. Basi ni hii. Tok, tok, tok. Nikabandika sikio kwenye mbao.

"Kumi na tatu," sauti ya Taimi. "Sawa."

Mlango ukafunguka. Taimi alikuwa amesimama, nyundo mkononi, na nilidhani atafurahi, lakini alikuwa amekunja uso vibaya.

"Zote sawa," akasema. "Na saba zimepigwa, zote puf. Hakuna iliyozidi. Haikuwepo kabisa. Sasa kipimo changu kiko wapi?"

"Labda mizani imekosea," Irja akasema.

"Mizani yangu haikosei. Nilipima, nikaiacha kwenye sahani, nikaenda kuteleka kahawa. Niliporudi sahani ilikuwa tupu, nikadhani nimeshamimina. Kama haiku…" Akanitazama. Tangu asubuhi hakuwa amenitazama usoni kwa utulivu, na sasa alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya kupimia barua. "Kauko. Nyusi yako ya kushoto iko wapi?"

Nikapapasa. Palikuwa laini kama paja la mtoto.

"Magome ya mbirchi," nikasema. "Wakati nawasha sauna. Yalilipuka, nikakalia ndoo."

"Uliwashia na nini?"

"Na magome. Na gazeti."

"Gazeti lipi?"

Nikataka kusema gazeti tu, gazeti lolote. Lakini mdomo wangu huu haujui kuficha. "La jana. La Reino. Nilikuwa nimelitandaza… pale, juu ya sahani. Halafu nikalikunja haraka, nikazoa na baruti."

Irja ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashikilia bega, akalia "aa, bega, bega," akaendelea kucheka. "Mama! Cha ishirini na moja kimemuunguza Mzee Kauko usoni!"

Na Taimi, ambaye nilikuwa nangoja anitwange na ile nyundo, na ningekubali, akaketi kwenye kizingiti cha chumba cha maziwa. Akacheka na kulia kwa pamoja, bila kujificha, miguu kainyoosha uani, mtu mzima, mpeleka barua wa serikali. "Nyusi," akasema. "Mungu wangu, nyusi tu." Nikakaa karibu naye chini. Sijawahi kufurahi hivyo kupoteza kitu mwilini mwangu.

Jumapili alitengeneza nyingine ishirini. Tochi aliipitisha mara mbili, na kopo likapimwa kabla hajatoka. Jumanne Irja akaleta kwale wawili, hawajaharibika hata kidogo, akanipa mmoja. Reino naye nilimnunulia kamba mpya, na sikumtaja mkokoteni, angalau siku ile.

Nyusi iliota tena, nyeupe, na kijijini wamenipa jina ambalo sitalirudia hapa. Kwa Taimi bado naenda kila Ijumaa. Soksi ikiwa mlangoni nageuza ndoo nakaa nje, na chupa yangu ya kahawa nimekuja nayo, hata mvua inyeshe. Juzi ilinyesha kweli, ikaniingia mpaka kwenye kola, na nilikuwa na habari moto sana ya Reino. Nikasikia sauti kutoka ndani.

"Kauko, upo?"

"Nipo."

"Una habari?"

"Ninayo, tena ya mwaka!"

"Kaa nayo huko huko."

Nikakaa nayo, maji yananitiririka, nikasikia kitufe cha tochi kikibonyezwa.